Dada Rula na Chumba cha Mama

Dada yangu hawezi kukaa mbele ya picha iliyopinda. Mpeleke msibani, mpeleke kwenye posa, mpeleke ofisini kwa mkubwa yeyote. Kama ukutani kuna picha imelala upande atavumilia, atavumilia, mwisho atanyanyuka kama mtu anayetaka kuchungulia dirishani, aiguse kidogo kwa kidole, kisha arudi kukaa na uso wa mtu asiye na habari. Ndiyo maana tangu shuleni wanamwita Rula. Zamani jina hilo lilimkasirisha. Siku hizi limeandikwa mlangoni pa ofisi yake, kwa herufi zilizonyooka utadhani zimechapwa viboko.

Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba, lakini si nyumba mpya. Nyumba mpya, anasema, mtu yeyote mwenye penseli na kiburi anaweza kuichora. Yeye anachora nyongeza. Familia imekua, nyumba ni ileile aliyoacha babu, wanataka chumba kimoja mbele au viwili nyuma; hapo ndipo wanapomwita. Na hapohapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu wateja wengi wanataka nyongeza iwapigie kelele wapita njia. Nilikuwepo ofisini kwake siku mama mmoja alipotaka nyumba ya mkwewe, nyumba ya matofali ya kuchoma, ya watu wenye adabu zao, iongezewe sebule ya vioo vitupu na nguzo nene mbele. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Mama, hiyo ni sawa na kumvalisha bibi yako sketi ya shule." Yule mama alichukua mkoba wake na hakurudi tena.

"Ungempoza kidogo," nilimwambia.

"Nimempoza. Nilitaka kusema kitu kingine."

Kwake yeye nyongeza nzuri ni ya aina moja tu: ile ambayo mgeni akizunguka nyumba nzima hawezi kuonyesha kwa kidole ilipoanzia. Alilisema hilo mara nyingi mpaka sisi ndugu zake tulikuwa tunammalizia sentensi. Mimi nauza dawa za mifugo, kazi ambayo yeye huitaja akiwa ameminya pua, kwa hiyo sikuwa na la kuchangia. Nilimwamini tu. Na ninayoyasimulia hapa ni habari za nyongeza aliyoichora kwa moyo wake wote, kwa mtu aliyempenda kuliko wote. Sijawahi kumwona mtu akiumizwa na kazi nzuri kiasi kile.

Mama yetu alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba tuliyozaliwa sote: kaka yetu mkubwa, Dada Rula, halafu mimi kitinda mimba. Ni nyumba ya zamani, yenye kuta nene ambazo ukiziegemea wakati wa jua kali zinakupoza mgongo. Madirisha ni madogo, ya mbao. Sakafu ni ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa nta miaka nenda miaka rudi mpaka ukiinama unajiona. Mbele kuna baraza, nyuma ya baraza sebule, na upande wa kushoto chumba cha Mama kimechomoza kidogo kuelekea barabarani. Upande wa kulia hapakuwa na kitu ila kamba ya kuanikia nguo. Marehemu baba alikuwa na nia ya kujenga chumba cha pili pale ili pande mbili zilingane, akaishia kwenye nia. Choo na bafu vilikuwa uani, chini ya ngazi za mawe.

Mama ni mtu wa maneno machache na majibu ya papo kwa papo. Ukimuuliza, "Umelalaje, Mama?" anakujibu, "Kwa ubavu." Macho yake yalikuwa yanaharibika. Daktari alituambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ni ya kulinda kile kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kiasi gani, Mama hakusema. Ukimchokonoa alikwambia, "Nakuona na huo mdomo wako." Na kweli, ndani ya nyumba ile alitembea kama mwenye macho manne. Alimimina chai bila kumwaga. Ukiomba sindano alikwenda moja kwa moja penye sindano. Sisi tukajipa moyo kwamba mambo si mabaya.

Halafu wakati wa mvua akateleza kwenye ngazi za uani. Hakuvunjika, lakini alilala kwenye matope muda mrefu, mpaka jirani alipomsikia. Kesho yake Kaka akaja. Kaka anaishi mji mwingine, mbali, kwenye jengo la ghorofa lenye lifti na mlinzi. Ni mtu mwema sana, ila akiogopa anatoa amri.

"Mama anakuja kwangu," alisema hata kabla hajakaa. "Choo kiko ndani, bafu liko ndani, na wifi yenu yuko nyumbani mchana kutwa."

"Siendi," alisema Mama.

"Mama, umeanguka."

"Nimeanguka kwangu."

Kaka alinigeukia mimi, kana kwamba nami nimeshiriki kumsukuma. Dada ndiye aliyejibu. "Tatizo ni choo tu. Nipe nafasi. Nitamjengea chumba chenye choo na bafu humuhumu ndani, asitie mguu uani hata siku moja."

Kaka alifikiri, akajikuna kidevu. "Sawa. Nyumba ikimfaa, abaki, na mimi sitasema neno tena. Isipomfaa namchukua, na mtu asiniletee machozi."

 Mama aliinamisha kichwa tu, na nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa kiti. Mama yetu, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa mbwa wala mwizi, alikuwa anaogopa. Kuanzia siku ile sote tulijua kinachogombewa: ama ile nyongeza imfae, ama aondoke kwake.

Dada alifunga ofisi akahamia kwa Mama na futikamba yake. Alipima unene wa kuta, kina cha madirisha, kimo cha vizingiti. Mteremko wa sakafu aliupima kwa kuviringisha gololi, huku ametambaa nyuma yake na penseli sikioni. Kisha akagundua jambo lililomkosesha raha: nyumba yetu haikuwa na kona hata moja iliyonyooka. Ukuta wa chumba cha Mama uliegemea nje kidogo, na mlango ulibana juu ukapanuka chini. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Kumbe Rula amelelewa kwenye nyumba iliyopinda!"

Nilidhani atanirushia futikamba. Badala yake aliutazama ule ukuta. "Basi na chumba kipya kitapinda," alisema. "Kitapinda vilevile." Na mtu asiyeweza kuvumilia picha iliyolala upande alikaa mezani akachora ukuta uliopinda, makusudi, taratibu, huku anatabasamu. Mimi sijui mambo ya ramani, lakini siku ile nilimwonea fahari.

Bado anachora kwa mkono, kwenye ile karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Alichora chumba cha Mama kama kilivyo: mlango, dirisha, kitanda, kabati, hata msumari wa kutundikia mtandio. Kisha akaishika ile karatasi ncha mbili, akaigeuza ikalala kifudifudi, akaiweka upande wa kulia wa ramani ya nyumba. Ikakaa pale kama iliyokuwa inasubiriwa. Chumba kushoto, chumba kulia, baraza katikati, utadhani masikio mawili ya kichwa kimoja. Bafu lilijificha nyuma, na mlango wake ulikuwa ndani ya chumba. Tulimtumia Kaka picha kwenye simu, akajibu neno moja tu: "Hapo."

Dada akamwekea Mama ramani mapajani. Mama aliipitishia kiganja, akasema imependeza.

"Umeliona dirisha, Mama? Ni kama lako lilelile."

"Nimeliona." Kisha akauliza, "Mlango uko mkono gani?"

"Unatazamana na mlango wa chumba chako cha sasa. Vinalingana."

"Aa," alisema Mama. "Vinalingana." Akairudisha karatasi, akatuuliza kama tutakunywa chai.

Ujenzi ulikuwa vituko vitupu. Fundi mwashi, mtu mnene mwenye maneno mengi, alilalamika kwamba tangu ashike mwiko hajawahi kuagizwa apindishe ukuta. "Watu watasema nilikuja nimelewa," alisema. "Waambie ndiyo, ulilewa," Dada alimjibu, "ila pinda hapohapo nilipochora." Rangi ya sakafu ilimtoa roho. Alichanganya, akapaka kipande, akasubiri kikauke, akakiweka kando ya sakafu ya zamani, akakitupa, akachanganya tena. Ilipopatikana, mimi na yeye tulipiga magoti na matambara ya nta mpaka magoti yetu yakafanana rangi na sakafu. Bawaba na vitasa alivitafuta kwenye nyumba zilizobomolewa, akaja navyo kwenye mfuko kama mtu aliyetoka sokoni. Hata mlio wa mlango aliutaka. Mlango wa Mama ulikuwa na namna yake ya kulalamika ukiufungua, na Dada alimsumbua seremala mpaka mlango mpya nao ukalalamika vivyo hivyo.

Kilipokwisha, Kaka alikuja kukagua. Alizunguka nje, akaingia ndani, akapita sebuleni, akatoka tena barazani. Ukiwa sebuleni, mlango mmoja kushoto, mlango mmoja kulia, vizingiti sawa, sakafu moja. "Haya," alisema, "hiyo nyongeza yenyewe iko wapi?"

Alikuwa anatania, lakini si sana. Dada alicheka, kisha akaingia bafuni akafungua bomba, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Tulihamisha kitanda cha Mama, kabati lake na vikorokoro vyake, tukavipanga kama vilivyokuwa kwenye karatasi. Kaka alilala kwenye chumba cha zamani, na asubuhi akiwa anaondoka alimshika Dada bega. "Umeshinda," alimwambia. Mama alisimama barazani akampungia mkono, na ukweli ni kwamba alipunga kuelekea upande ambao gari lilikuwa limekwisha kupita. Tulidhani jua limempiga machoni.

Mambo yalianza kwa michubuko. Ilikuwa kwenye mikono, chini ya kiwiko, mmoja unapona mwingine unatokea. "Nimejigonga," alisema, kwa sauti ya kufunga mazungumzo. Kisha nikawa kila nikipita kumsalimia nauona mtandio wake sakafuni, mahali pamoja, chini ya ukuta mtupu. Nilikuwa nauokota, nautundika kwenye msumari wake ng'ambo ya chumba, na moyoni nasema uzee huo, Mama sasa anatupa vitu ovyo. Kisha akaanza kushinda kwenye kiti cha sebuleni. Asubuhi yupo kwenye kiti, mchana yupo kwenye kiti. Chai nikimwekea anaigusa mdomoni kwa adabu, anaiacha ipoe. Kumbe alikuwa anajinyima maji ili asihitaji kwenda bafuni. Lile bafu la ndani, lenye vigae alivyovichagua Dada kimoja kimoja, lilikuwa kavu.

Dada hakuelewa hivyo. Alielewa kwamba Mama hakukipenda chumba.

"Mama, nimekujengea chumba, halafu unalala kwenye kiti?"

"Kiti kina kosa gani?"

"Kama hukipendi, sema. Nimechora nyumba za watu wasionihusu, wakanishukuru."

"Nimekushukuru. Unataka nikushukuru mara ngapi?"

Dada aliondoka amenuna, na njiani aliniambia Mama amekuwa mgumu wa moyo. Nikamwambia mgumu wa moyo ni yule anayegombana na kikongwe kwa sababu ya vigae. Hatukusemeshana siku kadhaa. Sisi tukikosana hatupigi kelele. Tunapelekeana salamu kupitia watoto.

Tulipatana mchana mmoja, tukaenda kwa Mama pamoja, na tulipoingia kiti kilikuwa kitupu. Nyumba ilikuwa kimya isipokuwa mlio mdogo, kama wa mtu anayekung'uta mto. Tuliufuata mpaka chumba kipya.

Mama alikuwa amesimama ameikabili kona, kando ya kabati. Viganja vyote viwili vilikuwa ukutani. Alipiga chini, akapanda, akasogea, akarudi, kama mtu anayetafuta swichi ya taa, na nywele zake alizokuwa akizibana vizuri siku zote zilikuwa zimefumuka upande mmoja. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Sisi wawili tulikuwa tumesimama ndani ya mlango huo.

"Mama?" nilisema.

Hakututazama. Aligeuza uso kuelekea kabatini. "Nani ameziba mlango?" aliuliza. Ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, ya mtu aliyekwisha kuomba msaada akakosa. Kisha akatambua ni sisi. Alijinyoosha, akashusha mikono, akajifuta kiganja kwenye nguo. "Natafuta mtandio wangu," alisema.

Nilimkimbilia. Dada hakusogea. Aliutazama mlango, akatazama kitanda, akatazama kabati. Kisha akanyanyua mikono yake mitupu mbele ya kifua, kama mtu aliyeshika karatasi kwa ncha mbili, na akaigeuza, polepole. Nikaelewa anachokiona. Dada akakaa chini kwenye ile sakafu nyekundu.

"Mama," alisema akiwa palepale chini, "unaona nini sasa hivi? Usinifiche."

 Nilimkalisha Mama kitandani, na ilinibidi niuelekeze mkono wake kwenye godoro.

"Mwanga wa dirisha," alisema mwishowe. "Wewe sikuoni."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza kupima."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema, kaka yako angenichukua siku ileile."

Dada aliziba mdomo kwa mkono. Alipoutoa, alisema taratibu, "Uliniuliza mlango uko mkono gani."

"Niliuliza."

 Laiti Mama angempigia kelele. Alieleza tu, kwa utulivu, kama anayeelekeza mgeni njia: kwamba kule chumba cha zamani akiamka mlango ulikuwa kuliani, ukuta wa kushika ulikuwa kuliani, msumari ulikuwa kushotoni, na mwili ulijua wenyewe, hakuwa na haja ya kufikiri. Huku kila kitu kilikuwepo, kilekile, ila kwenye mkono mwingine. Alijiambia mkono utajifunza. Alijifunza kila siku tulipokuwa tumeondoka, kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi bafuni, mpaka akachoka akakaa kwenye kiti.

"Basi unarudi kwenye chumba chako leo hii," alisema Dada na kuinuka. "Choo tutakifikiria. Leo hii unarudi."

Tulisukuma kabati, tukabeba kitanda, tukarudisha kila kitu mahali pake pa zamani, hata mtandio. Tulitokwa jasho, tukawa tunacheka kidogo kwa matumaini. Kisha tukamwita. Mama alikuja akipitisha kidole ukutani, akafungua mlango, na mlango ukalalamika kama ulivyolalamika maisha yake yote. Aliingia katika chumba alichotuzalia. Akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta ukuta, na hapakuwa na ukuta. Akasita. Akanyoosha wa kulia, akagusa, akauondoa kama asiyeamini. Akapiga hatua mbele na paja likagonga kitanda.

"Mama, pole, ni mara ya kwanza tu," nilisema.

"Na hiki nacho kimeondoka," alisema Mama.

Wiki zote zile alizoilazimisha mikono yake ijue chumba kipya, mikono ilikuwa inasahau cha zamani. Na sasa hakuwa na kitu cha kumwambia yuko kipi. Sakafu chini ya mguu ilikuwa moja. Kitasa kilikuwa kimoja. Mlio ulikuwa mmoja. Kila alama ambayo ingemsaidia, Dada aliitafuta kwa juhudi zake zote na akaifuta.

Nilipokwenda siku iliyofuata nilisikia kishindo nikiwa bado getini. Dada alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa chumba kipya, na nyundo na tindo mikononi, anaichimba sakafu. Vipande vyekundu viliruka mpaka kwenye viti vya sebule. Kwenye kitasa alikuwa amefunga kitambaa cha manyoya, ukutani amepigilia kamba nene ya katani, mbele ya bafu ametandika zulia la magunia. Nyumba ilionekana kama imeumwa.

"Lazima mguu ujue," alisema bila kunitazama. "Lazima mguu ujue hapa ndipo panapoanzia." Akapiga tena. Mkono wake ulikuwa unavuja damu kwenye kifundo cha kidole, na mstari aliouchimba ulikuwa umepinda vibaya, huku na kule, wala hakuuona.

Mama alikuja akiufuata mlio. Kabla sijasema kitu, mguu wake ulipita kwenye ukingo uliovunjika, akapepesuka, nikamdaka.  Kisha Mama akaiondoa mikono yangu, akachuchumaa, akaanza kupapasa lile shimo kwa vidole, kuanzia ukuta mmoja hadi mwingine.

"Umeharibu sakafu yako," alisema.

"Ni yako, Mama. Nitaitengeneza vizuri. Nipe muda tu. Nitabomoa chumba kizima nikigeuze, mlango urudi kuliani, sakafu niweke ya mawe, chochote. Nipe muda, Mama."

Mama aliutafuta uso wa Dada, akaupata, akaufuta vumbi kwa kiganja. "Kazi yako ni nzuri," alimwambia. "Acha sasa. Mimi nimechoka kujifunza nyumba yangu mwenyewe. Mpigie kaka yako."

"Sipigi."

"Basi atapiga mdogo wako." Kisha akasema maneno ambayo nikiwa dukani peke yangu bado yananijia. "Kule kwa kaka yako nikipapasa kuta, watasema bibi ni mgeni, hajazoea. Hapa nikipapasa watasema nini?"

Nilipiga mimi.

Watu bado wanakuja kuitazama nyumba ile kutokea barabarani. Wanasimama, wananyooshea vidole, wanabishana chumba kipi ni kipya, na wengine wanamfuata Dada ofisini wakitaka kama kile. Anawachorea, ana wanawe wa kulisha. Lakini hageuzi tena karatasi, na kabla hajapima chochote anamwomba mkubwa wa nyumba afumbe macho atembee kutoka kitandani mpaka mlangoni, yeye akimfuata nyuma na kuandika mikono inashika wapi. Wengine wanamcheka. Mteja mmoja aliniuliza kama dada yangu ni mzima. Nilimwambia ni mzima kuliko yeye, tukaachana vibaya.

Siku ya Mama kuondoka, Kaka alikuja mapema. Nilijiandaa kwa maneno yake, na nilikuwa na yangu tayari. Yeye alilitazama tu lile shimo mlangoni, akamtazama Dada, akachukua mabegi ya Mama akayapeleka kwenye gari nje ya geti, moja moja, ingawa angeweza kuyabeba yote kwa pamoja.

Mama alikuwa amevaa nguo zake za safari na amebana nywele. Dada alimpa mkono, akaukataa. "Naijua njia," alisema. Akanyanyuka kutoka kwenye kiti. Sebule na baraza hatukuvigusa wakati wa ujenzi, na Mama alivipita bila kugusa kiti wala ukuta, kichwa juu, akashuka ngazi ya baraza, akafuata njia ya changarawe, akakizunguka kisima kilichopo njiani, akafika getini na kuinua komeo kwa mara moja. Ungemwona ungesema mwenye nyumba anatoka kwenda kusalimia majirani. Dada alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono ameitanguliza kama anayemfuata mtoto anayeanza kutembea, na machozi yanamtiririka asiyafute.

Mama alipita geti, akalifunga nyuma yake, akalisukuma kuhakikisha limefunga. Kisha akasimama palepale barabarani, gari likiwa mbele yake na mlango wazi, akanyoosha mkono hewani.

"Haya," alisema. "Sasa nishikeni."